Chupa ya hamira na sukari kwenye tangi la samaki: jibu kwa aliyeuliza

Mkuu, umesema una tangi la lita 100, mimea imeanza kuwa ya njano, na unataka kufunga chupa ya hamira na sukari ili upate hewa ya ukaa (CO2) ya kulisha mimea. Swali lako ni kama samaki watakufa. Wanaweza kufa, ndiyo. Ila kabla ya samaki, tuiangalie hiyo njano.

Majani kuwa njano mara nyingi si njaa ya hewa ya ukaa. Yakianza machanga yaliyo juu, fikiria madini ya chuma. Yakianza makuukuu ya chini, fikiria naitrojeni. Ukiongeza gesi hapo, mmea utataka kukua haraka na upungufu utajitokeza zaidi. Anza na mbolea ya maji.

Halafu taa. Taa ndiyo inayoamua mmea udai kiasi gani cha gesi. Maji yaliyokaa wazi huwa na kama nusu miligramu tu ya hewa ya ukaa kwa lita, ilhali wenye matangi ya mimea hulenga karibu miligramu 30. Ukiwasha taa kali kwa muda wa saa kumi au kumi na mbili kwa siku bila gesi, anayefaidi ni mwani. Mimi huwashauri wageni wapunguze taa hadi saa sita kwa siku na wapande mimea isiyodai sana kama anubias, java fern na vallisneria. Vallisneria inamea yenyewe Ziwa Tanganyika, na ina uwezo wa kutumia bikaboneti (chumvi yenye kaboni) iliyomo majini, kwa hiyo haikusumbui.

Ukiamua kuendelea na hamira, chukua chupa ya lita mbili, sukari vikombe viwili, hamira robo kijiko cha chai, na maji ya uvuguvugu, ukiacha nafasi juu. Pitisha mrija kwenye chupa ndogo yenye maji kwanza, ili povu lisiingie kwenye tangi, na uweke valvu ya njia moja. Usiweke koki kabisa kwenye mrija huo: hamira haisimami kwa sababu umefunga, na chupa itapasuka.

Hapo ndipo ninapoichukia njia hii. Hamira haijui usiku. Taa zikizimika mimea huacha kutumia hewa ya ukaa, nayo hubaki ikivuta oksijeni kama samaki, huku chupa inaendelea kutoa gesi. Siku za joto inatoa kwa fujo, wiki ya pili inalegea. Na huko kupanda na kushuka ndiko kunakoleta ule mwani mweusi kama ndevu kwenye kingo za majani, ambao kuutoa ni kazi kwelikweli. Kwangu mimi, gesi kidogo isiyobadilika ni bora kuliko nyingi inayoyumba.

Mtungi wa hewa ya ukaa wenye regyuleta (kifaa cha kupunguza msukumo wa gesi) na valvu ya umeme ni ghali mwanzoni, lakini unautawala. Weka taima: gesi ifunguke saa sita mchana, taa ziwake saa nane, gesi ifunge saa moja usiku, taa zizime saa mbili. Ukitoka kazini unakuta tangi liko hai. Tafuta valvu inayojifunga umeme ukikatika, maana kwetu umeme unakatika, pampu inasimama, na maji yaliyotulia hayabadilishi hewa vizuri. Huo si wakati wa kuwaongezea samaki gesi.

Kupima gesi, tumia kile kichupa cha kioo kinachowekwa ndani ya tangi (drop checker), chenye kimiminika cha KH 4 (KH ni kipimo cha kaboneti majini) kinachobadilika rangi. Buluu maana yake gesi ni ndogo, kijani inatosha, njano imezidi. Kinachelewa saa moja hadi mbili, kwa hiyo usikiamini kuliko samaki wenyewe. Ukiwaona wamepanda juu wanahema, funga gesi, washa pampu ya hewa, badilisha sehemu ya maji.

Hujataja aina ya samaki wako. Kama ni wale wa Ziwa Tanganyika au Ziwa Nyasa, achana na gesi kabisa. Maji ya kwao yana pH (kipimo cha asidi; ikishuka, asidi imeongezeka) iliyo juu ya 7, na Tanganyika hufika karibu 9. Hewa ya ukaa inaishusha pH, na hao hawakuzoea hivyo. Tuwekee picha ya tangi zima na utaje taa zinawaka saa ngapi kwa siku, tuone pa kuanzia.