Kijipicha Kinachokata Kichwa

SWALI: Mimi ni fundi cherehani wa Tanga na tovuti yangu imejengwa kwa WordPress. Tangu nibadilishe mandhari (theme, yaani muundo wa mwonekano wa tovuti) mwezi uliopita, vijipicha vya magauni vinaonyesha viuno tu. Vichwa havipo na pindo hazionekani. Nimepakia upya picha zote mara mbili bila mafanikio. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu Fundi, picha zako hazina kosa, na kuzipakia upya kumekuchosha bure, kwa kuwa kila picha inayoingia WordPress hutengenezewa nakala ndogo kwa vipimo vya mandhari, na mandhari ikiagiza mkato, kwa kawaida hubaki sehemu ya katikati. Chukua picha ya simu yenye upana wa pikseli 1200 na urefu wa 1600: mandhari ikitaka kijipicha cha 400 kwa 250, hubaki urefu wa pikseli 750 tu, maana 425 hukatwa juu na 425 nyingine chini.

Kwanza tafuta mkasi uko wapi. Fungua kijipicha peke yake katika kichupo kipya. Kikitokea kizima, kivinjari ndicho kinachoficha sehemu yake kwa amri ya CSS (lugha ya kupanga mwonekano wa kurasa), mara nyingi object-fit: cover, na dawa yake ni kuondoa urefu uliowekwa hapo na kuandika aspect-ratio: 3/4. Kikitokea bila kichwa, na jina la faili likaishia na -400x250, basi faili lenyewe limekatwa.

Wapo watakaokushauri uagize mkato uanzie juu. Kichwa kitarudi, ila pikseli zote 850 zitatoka chini, na mnunuzi wa gauni hutaka kuona pindo. Mimi ningebadilisha kipimo chenyewe kiwe 300 kwa 400, uwiano uleule wa picha zako, ili pasikatwe kitu. Amri ni add_image_size, kwa jina lilelile linalotumiwa na mandhari. Iandike katika functions.php, faili la amri, ya mandhari-mtoto (mandhari ndogo inayoegemea ile uliyoweka, yaani mandhari mama), isije ikafutwa na sasisho, na uifunge kwenye hatua ya WordPress iitwayo after_setup_theme kwa kipaumbele cha 11 ili itekelezwe baada ya ile ya mandhari mama.

Vijipicha vya zamani havitajirekebisha vyenyewe. Vitengeneze upya kwa programu-jalizi ya Regenerate Thumbnails, kisha ufute kache ya tovuti (nakala za muda zilizohifadhiwa), la sivyo utaendelea kuona viuno vilevile na kudhani nimekudanganya.