Kabla ya kuandika malaria, uliza choo

Nyinyi mnaoanza zamu wodi ya watoto hapa Malindi mtakutana na macho ya manjano kila mara: malaria, seli mundu, homa ya ini. Nawaandikia kwa ajili ya mtoto ambaye hakuwa na hata kimoja katika hivyo.

Alikuwa na miaka minne, nyanyake alimleta kutoka Ngomeni. Alishatibiwa malaria mara mbili, na mara ya pili dawa niliandika mimi, ingawa kipimo hakikuonyesha vijidudu. Choo sikuuliza. Aliporudi, nyanya alinieleza mwenyewe: "Choo chake cheupe kama chokaa, mkojo kama chai ya mkandaa, na usiku halali, ni kujikuna tu." Ugonjwa wote ulikuwa katika maneno hayo. Nyongo ndiyo inayokipa choo rangi. Ikizibwa njiani hurudi kwenye damu, ikatokea kwenye ngozi na mkojo. Mwenye seli mundu hugeuka manjano kwa kuvunjika kwa damu, lakini kwa kawaida choo chake hakiwi cheupe.

Basi omba nepi au poti, ukione choo kwa macho yako. Jicho litazame mchana, penye dirisha. (Mtoto aliyekula maembe mengi anaweza kugeuka rangi viganja, weupe wa jicho ukiwa safi, hayo si manjano ya nyongo.) Halafu pima bilirubini, yaani rangi ya manjano ya nyongo iliyomo kwenye damu, na altrasaundi usiichelewe.

Mpiga altrasaundi mwombe asiishie kwenye ini. Mrija wa nyongo hupita katika kichwa cha kongosho kabla ya kufika utumboni, na kongosho likivimba huubana. Kwa mtoto yule mrija ulikuwa umetanuka, kichwa cha kongosho kimevimba. Tukatamka saratani mbele ya nyanyake, nami najuta mpaka leo. Mombasa walichukua kipande cha nyama wakakipima: kinga ya mwili wake ndiyo iliyokuwa ikilishambulia kongosho. Kwa watoto wadogo ni nadra sana, na hutulia kwa prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga ya mwili. Angeweza kupasuliwa bure. Lakini msiitangulize dawa hiyo kabla ya kipande kupimwa, maana hata limfoma, saratani ya tezi za limfu, husinyaa kwayo, ikajificha.

Na nyongo isipofika utumboni, mwili haupati vitamini K, damu ikakosa kuganda. Barabara ya Mombasa ni kilomita 120 hivi, na huko watamchoma sindano ya kuchukua kipande cha kongosho. Pimeni kuganda kwa damu na mpeni vitamini K kabla hajapanda ambulensi.