Kebo Moja Ikikatika, Daraja la Nyerere Litasimama?

SWALI: Ndugu Mhariri, naishi Kigamboni na kila siku ya kazi navuka Daraja la Nyerere kwenda Kurasini. Nikifika katikati ya mkondo huzitazama zile kebo zilizofungwa minarani na kujiuliza: moja ikikatika, daraja zima litaanguka?
Msomaji, Kigamboni

JIBU: Ndugu msomaji, la hasha, iwapo daraja limejengwa na kutunzwa ipasavyo. Katika daraja la aina hii, kila kebo hutoka mnarani moja kwa moja hadi kwenye sakafu ya barabara, ikaishika mahali pake. Uzito wa sakafu na wa magari hupanda kwa kebo hadi mnarani, nao mnara huushusha hadi kwenye msingi. Kebo za upande mmoja zinapovuta, za upande wa pili huvuta kinyume chake, mnara ukabaki wima. Kwa kuwa kebo ni nyingi, wahandisi wa siku hizi hupiga hesabu ya daraja lililopoteza moja ghafla, na huhakikisha kwamba zile za jirani zitaweza kuubeba mzigo wake. Tena kebo yenyewe ni fungu la nyuzi nyingi za chuma kigumu, na ikichakaa huweza kubadilishwa bila kulibomoa daraja.

Hofu yako, hata hivyo, si ya bure. Mjini Genoa, Italia, daraja la barabara lililovuka mto Polcevera tangu mwaka 1967 liliporomoka tarehe 14 Agosti 2018, wakafa watu 43. Kila mnara wake mkuu ulitegemea kebo nne tu, nazo zilikuwa zimefunikwa kwa zege, hivyo jicho la mkaguzi halikuweza kukiona chuma kilichokuwa ndani. Wataalamu walioteuliwa na mahakama walikuta kwamba chuma hicho kilikuwa kimeliwa na kutu. Msiba ule unaniuma hadi leo, maana kutu hula polepole na daraja lile lilikuwa na miaka 51.

Daraja letu, lenye urefu wa mita 680 na lililofunguliwa Aprili 2016, bado ni changa, lakini limesimama kwenye maji ya chumvi na upepo wa bahari. Kebo za kisasa huvishwa ala ya plastiki ili maji yasifikie chuma. Panapohitaji uangalizi zaidi ni kwenye ncha za chini, kebo inapoingia sakafuni, kwa sababu maji yakipenya hutuama hapo. Ndiyo maana nasisitiza kwamba ukaguzi wa ncha hizo usiahirishwe hata kidogo, hata ikibidi njia moja kati ya sita ifungwe na foleni irefuke.

Nawe unayepita hapo kila siku, ukiona ala iliyochanika, au kebo inayotikisika sana wakati wa mvua yenye upepo, watolee taarifa wasimamizi wa daraja siku hiyohiyo.