Mume wangu mwembamba, lehemu yake juu: anza kwa kuuliza ukoo

Mume wangu ni Mchina wa Guangzhou, mwembamba kama ufito. Chapati na chai ya maziwa ni vyangu mimi. Yeye asubuhi anakunywa uji wa mchele na mboga za majani. Ndiyo maana alipoleta majibu ya vipimo vya afya vya kazini nilidhani maabara wamechanganya damu. Kwenye mstari wa LDL, ile lehemu (kolesteroli) mbaya, palikuwa na 6.3 mmol/L na kimshale kinachotazama juu. Kwa mtu mzima, ikifika 4.9 madaktari huanza kushuku ugonjwa wa kurithi.

Sisi hatukushuku. Tulikivamia chakula. Mama mkwe aliondoa mayai, akaondoa nyama ya nguruwe, mwisho hata tone la mafuta halikuingia kwenye sufuria. Miezi minne nzima! Mume wangu alibonyea mashavu, na kipimo kikarudi 5.9. Mama mkwe akaanza kumtuhumu kwamba anakula kwa siri huko kazini, na jambo hilo lilimuumiza kuliko njaa yenyewe. Nakuomba usimfanyie hivyo mtu wako.

Daktari wa moyo tuliyemwona baadaye hakuanza na chakula. Aliuliza, "Baba yako alifariki kwa nini, na akiwa na miaka mingapi?" Moyo, miaka 51. Baba mdogo? Moyo, miaka 48. Mama mkwe alikuwa amekaa pembeni, mkoba mapajani, na nilimwona akiushika kwa mikono miwili.

Kipimo cha vinasaba kilionyesha badiliko kwenye jeni ya APOB. Jeni hii hutengeneza protini inayokaa juu ya chembe ya LDL na kushikana na vipokezi vya ini, ili ini liiondoe lehemu kwenye damu. Kwake asidi amino moja tu, yaani tofali moja la kujengea protini, imebadilika: palipotakiwa ajinini pana triptofani. Basi protini inashika kwa ulegevu, na lehemu inabaki inazunguka. Badiliko hili linajulikana zaidi kwa Wachina. Wazungu wana lao mahali palepale, lakini lao huweka glutamini, kwa hiyo kipimo kinachotafuta la Wazungu peke yake kitalipita hili. Mwambie daktari asili ya ukoo wenu bila kuona haya. Na si kila urithi ni mzigo: wako Wachina wenye badiliko la jeni ya PCSK9 linaloshusha lehemu tangu kuzaliwa.

Je, chakula hakina maana? Kina maana, tena kubwa. Shemeji yangu wa Toronto ana badiliko hilohilo la kaka yake, na lehemu yake iko juu zaidi. Mwaka 1998 ulichapishwa utafiti uliolinganisha Wachina wenye kasoro za jeni ya kipokezi cha LDL, wengine wakiishi China na wengine Kanada. Wa Kanada ndio waliokuwa na lehemu ya juu. Chakula kinaweza kuuzidishia ugonjwa huu nguvu, ila kukiondoa hakuutibu.

Shemeji huyohuyo, kwa mapenzi, alitutumia rosuvastatini, dawa ya kushusha lehemu, za miligramu 20. Tusizimeze, daktari alisema. Watu wa asili ya Asia hupata kiwango cha dawa hii kwenye damu karibu mara mbili ya Wazungu kwa dozi ileile, na mojawapo ya sababu ni badiliko la jeni ya ABCG2 lililoenea Asia Mashariki. Hata Marekani maelezo ya dawa hii yanataka Waasia waanze na miligramu 5. Ndizo alizoanza nazo mume wangu. Dawa za lehemu hazigawanwi kama za mafua.

Watoto wetu kila mmoja alikuwa na nafasi nusu kwa nusu ya kurithi badiliko la baba yao. Binti hana. Mdogo wake wa miaka 7 analo. Dawa bado, tutaizungumzia akifika kati ya miaka 8 na 10. Jumapili mama mkwe alipika yai la mvuke, la kwanza tangu ile miezi minne, akaligawa kwa kijiko katikati, nusu kwa dada na nusu kwa kaka.