Shangazi, niwaambie ukweli waongofu wapya au ninyamaze?

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 26, nakaa Mbagala kwa dada yangu, nauza vitenge kwenye duka la mtu Kariakoo. Niliokoka mwaka jana, nikaambiwa milango itafunguka. Iliyofunguka ni ya balaa. Bosi anataka mteja wa laki tano nimpe risiti ya elfu hamsini. Nilipokataa akanipunguzia siku, sasa naingia tatu tu kwa wiki. Dada ananiita mlokole, eti sala zangu za saa tisa usiku zinamnyima usingizi. Na mchungaji anataka nifundishe darasa la waongofu wapya. Nikisema ukweli watakimbia. Nikinyamaza nitakuwa mwongo.*
*Mlokole wa Mbagala*

Marahaba, mwanangu.

Waambie, tena kabla hawajaingia kwenye maji ya ubatizo. Aliyekuahidi milango tu alikusomea nusu ya Biblia. Pita Chanika uone misingi iliyoota majani, nondo zimeshika kutu, mwenye kiwanja hajulikani alipo. Yesu mwenyewe alitoa mfano huo, Luka 14: anayetaka kujenga mnara aketi kwanza ahesabu gharama, asije akaishia kwenye msingi wapita njia wakamcheka. Na Paulo je? Listra walimpiga mawe, wakamburuta nje ya mji wakidhani amekufa. Baadaye akarudi humo humo, akawaambia wanafunzi kwamba kuuingia ufalme wa Mungu kunapitia dhiki nyingi. Hebu fikiria anasema hayo huku majeraha wanayaona.

Si lazima uende mbali hivyo. Hapo jirani Uganda, Mei 1886, Karoli Lwanga aliwabatiza vijana wa ikulu waliokuwa bado wanafunzi wa dini, Kizito akiwemo, usiku wa kuamkia siku Kabaka Mwanga alipowahukumu. Tarehe 3 Juni wakachomwa moto Namugongo. Wale walijua wanachokubali.

Ila ukiishia kwenye hadithi za mashahidi utawatia hofu bure. Darasani kwako hatachomwa mtu. Atakayekuwemo ni fundi anayeambiwa achakachue saruji, binti ambaye mchumba amemkimbia, kijana ambaye ukoo unamsubiri kwenye tambiko. Wape nafasi waseme wenyewe wanachoogopa. Kisha kamuulize mchungaji wako swali ambalo makanisa mengi hapa mjini yanalikwepa: muumini akikosa kazi kwa kukataa wizi, kodi ya chumba atalipa nani? Kama mnaweza kuchangia spika mpya, mnaweza kuweka mfuko mdogo wa miezi miwili mitatu. Maombi bila unga ni nusu ya huduma.

Sasa tugeukie kwako, na hapa utanivumilia. La bosi ni dhiki ya imani kweli, hilo nakuvulia kitenge. La dada si dhiki ya imani. Umempigia kelele saa tisa usiku ndani ya chumba chake, mtu anayewahi daladala alfajiri! Petro aliwaonya waumini wasije wakateswa kwa kujiingiza katika mambo ya watu wengine. Usingizi wa dada naona umo. Hili nalo lifundishe darasani, maana walokole wapya tuna tabia ya kuita kila ugomvi vita vya kiroho. (Nimesema tuna. Mume wangu ni shahidi.)

Bosi usimhubirie mbele ya wateja. Mtafute jioni wakati wa kufunga hesabu, umwambie kwa adabu: "Bosi, duka nitakuuzia kwa bidii, ila risiti nitaandika bei aliyolipa mteja." TRA wakimkamata mteja na risiti pungufu atarudi dukani kwenu, na aliyeiandika ni wewe. Asipoelewa, usiondoke kwa hasira. Zile siku nne za bure zunguka mitaa ya Kongo na Mkunguni utafute duka jingine. Muuzaji asiyeiba Kariakoo anatafutwa.

Leo usiku salia jikoni, kwa sauti ya chini. Asubuhi mchemshie dada chai, umwombe radhi.