Kidole si mausi: nilivyozoea tachipadi

Miaka mitatu nilichapa barua za watu kwenye steshenari, kompyuta ya mezani, mausi mkononi. Siku niliyonunua laptopu ya mtumba, yenye tachipadi (lile bamba la kugusa chini ya kibodi) badala ya mausi, nikajiona mtaalamu. Kumbe! Kishale kilinikimbia kama kuku aliyeona kisu, na faili la mteja nikalitupia kwenye folda nisiyoijua hadi leo.

Kosa langu lilikuwa nguvu. Nilikandamiza kama nabonyeza kengele ya mlangoni. Ili kishale kisogee, tachipadi haihitaji uzito wa kidole, inahisi badiliko dogo la umeme linaloletwa na ngozi ya kidole. Gusa kama unayefuta vumbi kwenye kioo cha simu. Ndiyo maana ncha ya ukucha haifanyi kitu, na ukitoka kunawa baada ya ugali bila kujikausha, kishale kinaweweseka. Kidole kikifika ukingoni, kiinue, kirudishe katikati, endelea.

Vitufe? Cha kushoto huchagua na kufungua, cha kulia huleta menyu. Kwenye laptopu nyingi za sasa havionekani, bamba lenyewe ndilo linabonyea. Bonyeza sehemu ya chini, iliyo karibu na tumbo lako. Mimi nilihangaika siku mbili juu kabisa, mahali ambapo limeshikiliwa na halibonyei.

Kuburuta, yaani kukishikilia kitu na kukivuta hadi mahali pengine, ndiko kulikonitesa. Mwanzoni tumia mikono miwili: gumba la kushoto lishikilie kitufe cha kushoto, kidole cha mkono wa kulia kiburute, na usiachie mpaka ufike. Mazoezi nilifanyia kwenye Solitaire, ule mchezo wa karata uliokuja na Windows 3.0 mwaka 1990. Karata unazihamisha kwa kuziburuta. Jioni tatu zilinitosha (na usingizi ukapungua).

Kupandisha na kushusha ukurasa, telezesha vidole viwili kwa pamoja. Ukigonga navyo mara moja, umepata menyu ya kulia.

Halafu kuna hili la chaja. Kishale kikirukaruka chenyewe wakati unachaji, chomoa kwanza. Kikitulia, shuku chaja au soketi isiyo na ethi (waya wa ardhini). Mimi nilibaki kidogo nimlipe fundi tachipadi mpya. Na tachipadi ikiganda kabisa, angalia safu ya juu ya kibodi kama kuna kitufe chenye mchoro wa tachipadi, kibonyeze, pengine pamoja na kitufe cha Fn kilicho chini ya kibodi upande wa kushoto. Mwanangu aliwahi kuizima hivyo, nami nikakaa asubuhi nzima nikizima na kuwasha mashine.