"Moshi usiovumilika zaidi": zaidi ya nini?

Swali: Mwalimu, nakusalimu kutoka Himbi, hapa hapa Goma. Kazi yangu ni kutafsiri taarifa za Kiingereza ziweze kusomwa redioni kwa Kiswahili. Juzi katika taarifa moja nilikuta "the most unbearable smoke", moshi wa plastiki zinazochomwa jalalani, na chini kidogo "a most intolerable noise", kelele za jenereta usiku. Niliandika "moshi usiovumilika zaidi" na "kelele zisizovumilika zaidi". Mwenzangu msomaji wa taarifa alikataa kuzisoma, akasema hicho si Kiswahili. Kosa langu liko wapi?

Jibu: Dada, asante kwa swali. Mwenzako ana sikio zuri, na mimi niko upande wake.

Tuanze na Kiingereza chenyewe, maana maneno yale mawili yanafanana sura tu. Penye "the" mwandishi analinganisha: moshi ni wa namna nyingi, na huu umeipita yote. Penye "a" halinganishi na kitu chochote. "Most" ya hapo inafanya kazi ya "mno" yetu: kelele zilikuwa nyingi mno, basi. Ukiyatafsiri yote mawili kwa neno moja, unamtilia mwandishi ulinganisho ambao hakuufanya, na msikilizaji atabaki anajiuliza kelele zile nyingine zilitajwa saa ngapi.

Sasa hiyo "zaidi". Nenda soko la Virunga umwambie mtu, "Moshi huu hauvumiliki zaidi." Atakuelewa hivi: watu wameuvumilia mpaka leo, sasa wamefika mwisho. "Zaidi" ikikaa nyuma ya kitenzi kilichokanushwa huvutwa upande wa muda na kiasi, kama tunaposema "siwezi kungoja zaidi". Kwa hiyo sentensi yako ilikuwa na maana, ila si ile uliyotaka. Ilisema moshi umewachosha watu. Haikusema umeshinda moshi mwingine.

Ukitaka kulinganisha, neno ni "kuliko", na hili linahitaji mwenzake. Lichambue uone: ku-li-ko, yaani mahali kitu kilipo. "Mlima huu ni mrefu kuliko ule" ni kama kuuleta mlima huu pale ule ulipo, ukaviona vimo vyote viwili kwa pamoja. Ukiufuta ule wa pili, kipimo kinabaki hewani. Ndiyo maana "kuliko wote", "kuliko zote", "kuliko yote" haviachwi mbali na jina linalopimwa.

Lakini mimi naona Kiswahili kina njia tamu zaidi ya hiyo, na inanisikitisha kuona watafsiri wetu wanaisahau. Ni "hakuna ... kama", na ni "ndi-" peke yake. "Hakuna moshi mgumu kuvumilia kama wa plastiki." "Katika moshi wote, wa plastiki ndio mbaya." Hiyo ya pili haina "zaidi" wala "kuliko", na hakuna mtu Goma atakayeuliza ni upi umezidi. "Ndio" imekwisha kumaliza kazi.

Na kwa kelele je? Hapo hakuna mashindano, kuna ukali tu. Nikueleze nilichosikia kwa masikio yangu. Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ililipuka tarehe 22, na tarehe 27 tukaamriwa kuhama sehemu kubwa ya mji. Mimi na jamaa zangu tulikimbilia Sake, mji mdogo ulio magharibi ya Goma. Usiku ule tulibanana barazani, watoto wanalia, watu wanapitana na magodoro kichwani. Mama mmoja mzee alikuwa ameketi juu ya mzigo wake, kijana wake akamwomba ajinyooshe alale. Akamjibu, "Hapa hapalaliki, mwanangu. Lakini Goma ndiko kubaya kupita, udongo unatikisika."

Sentensi zake mbili zinajibu swali lako lote. "Hapalaliki" haipimwi na kitu. Amechukua kitenzi cha kulala, akakitia -ik- ya kuwezekana, akakikanusha, akakikabidhi mahali penyewe. Ndivyo tunavyosema hapakaliki, hakupitiki, maji hayanyweki, bei haishikiki, mtoto haambiliki. Kila shida ina kitenzi chake, na kitenzi hicho humwonyesha msikilizaji ni kitu gani hasa kimeshindikana. Kelele za jenereta zinazuia nini? Usingizi. Basi sema "hakulaliki", achana na "zisizovumilika". Kisha akalinganisha: "ndiko kubaya kupita". "Kupita" ndiyo "kuliko" yetu huku Kivu, na mwenzake anajulikana, ni hapo Sake alipokaa. Kwa taarifa inayosomewa watu wa Goma, mimi sioni kosa kuitumia.

Niseme kidogo pia juu ya kuvumilia kwenyewe. Ni neno la muda: mtu huvumilia kitu kinachoendelea naye yungali anakisikia. Angalia mazuku, ile hewa nzito ya kaboni dioksidi inayojikusanya mabondeni huku kwetu. Haina rangi wala harufu, nayo inaua, lakini sijapata kumsikia mtu akisema mazuku hayavumiliki. Hayampi mtu nafasi ya kuvumilia. Moshi, kelele, vumbi la mawe ya volkano wakati wa kiangazi, hivyo ndivyo vya kuvumilika au kutovumilika. Kitu cha kubeba uzito, kama daraja au ukuta, kinahimili.

Vijana wetu wakichoka husema "ni trop", kwa Kifaransa. Redioni usiitumie, lakini ona walichochagua: neno la kupita kiasi, wala hawakuchukua la kushinda wengine. Wamehisi tofauti ile ile. Kiswahili chake ni "imezidi" au "imepita kiasi". Na ukikutana na "moja ya kelele mbaya zaidi", tafsiri ya kila siku magazetini, jiulize kama "kelele mbaya sana" haitoshi. Mara nyingi inatosha.

Mpe mwenzako asome hivi: "Hakuna moshi unaowatesa wakazi kama wa plastiki zinazochomwa jalalani." Na hii: "Usiku jenereta zinanguruma, hakulaliki."